Euler na Gwaride la Maofisa 36

Leonhard Euler alizaliwa mjini Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili, 1707. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe aifuate kazi hiyo, lakini kijana alivutwa na hesabu. Mwaka 1727 alihamia St. Petersburg, Urusi, akaingia Akademi ya Sayansi. Tena alitumikia jeshi la wanamaji akiwa luteni wa tiba hadi 1730.

Jicho lake la kulia lilipotewa na nuru mnamo 1738. Mwaka 1766 la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho, na tangu 1771 alikuwa karibu kipofu kabisa. Hata hivyo kazi yake haikukoma: yeye alisema, wanawe na wasaidizi wake wakaandika.

Katika giza hilo, mwaka 1779, aliiletea Akademi swali ambalo kila askari atalielewa. Kuna vikosi sita, na kila kikosi kinatoa maofisa sita wa vyeo sita mbalimbali. Maofisa hao 36 wasimame katika mraba, sita kwa sita, hata kila mstari, uwe wa kulala au wa kusimama, uwe na ofisa mmoja wa kila kikosi na mmoja wa kila cheo. Je, yawezekana?

Ndugu wasomaji, tuanze na sharti moja tu. Chukua mraba wa vyumba tisa na rangi tatu, kila rangi itokee mara moja katika kila mstari, wa kulala na wa kusimama. Mstari wa kwanza hupangwa kwa njia 6, na kila njia huacha njia 2 za kumalizia. Jumla ni 12. Rangi zikiwa nne, njia ni 576. Zikiwa tano, ni 161,280. Zikiwa sita, hufika 812,851,200.

Kuunganisha vikosi na vyeo kwa pamoja ndiko kulikomshinda. Kwa tatu, nne na tano gwaride lilikubali. Kwa sita lilikataa. Euler alisadiki kwamba haliwezekani, lakini alikiri kuwa hana uthibitisho kamili. Akadhania pia kwamba kumi, kumi na nne na kuendelea hivyo yatakataa vilevile. Maandishi yake yalichapishwa 1782. Naye alifariki tarehe 18 Septemba, 1783.

Mwaka 1900 Gaston Tarry, Mfaransa mtumishi wa serikali huko Algeria, alichunguza mipango yote ya sita kwa saburi, akathibitisha kwamba hakuna hata mmoja unaofaa. Lakini mwaka 1959 Bose, Shrikhande na Parker walionyesha kwamba gwaride la kumi kwa kumi lawezekana.

Basi kwa sita Euler alipata, kwa kumi alikosa. Heshima yake haikupungua, maana hakuiita dhana yake ushahidi.