Maisha ya Askofu Cassian Spiss na Mamlaka Aliyoyapokea

Walimu wenzangu mfundishao katika vigango vya Umatengo na vya mwambao wa Ziwa Nyasa, mara nyingi twaulizwa kwa nini sisi Wakatoliki hatutosheki na Biblia peke yake, na kwa nini twawatii Askofu na Baba Mtakatifu, ambao nao ni wanadamu. Swali hili lastahili jibu la upole. Katika jubilei hii napenda kulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja, ambaye kifo chake kilidhaniwa kuwa mwisho wa Kanisa katika nchi zetu.

Cassian Spiss alizaliwa mwaka 1866 katika nchi ya milima ya Tirol, huko Austria. Akaingia shirika la Wabenedikto wa St. Ottilien, Ujerumani. Shirika hilo lilikuwa limekwisha kuonja uchungu katika Afrika, maana misioni yake ya kwanza, Pugu, ilibomolewa Januari 1889 katika vita vya Abushiri, na wamisionari kadhaa wakauawa. Hata hivyo Cassian alikuja. Wala hakujituma mwenyewe, bali alitumwa na wakubwa wake.

Mwaka 1898 alifungua misioni ya Peramiho katika nchi ya Wangoni, chini ya Nkosi Mputa Gama. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Kigonsera, katika njia iendayo Umatengo. Padre Cassian akaketi chini kama mwanafunzi, akajifunza lugha ya wenyeji, na mwaka 1904 maandiko yake juu ya Kingoni na Kisutu yalipigwa chapa.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1902, alifanywa Askofu wa Vikarieti ya Kitume ya Zanzibari Kusini, makao yake yakiwa Dar es Salaam. Hapa na tufikiri kidogo. Siku ile hakupewa mafundisho mapya ayatunge apendavyo. Aliwekewa mikono na askofu, ambaye naye alikuwa amewekewa mikono, na hivyo kurudi nyuma hata kwa Mitume wenyewe. Mtume Paulo alimwagiza Timoteo awakabidhi watu waaminifu mambo aliyoyasikia kwake, ili nao wawafundishe wengine. Tena aliwaagiza Wathesalonike wayashike mapokeo waliyofundishwa, ama kwa maneno ama kwa barua. Wamatengo hawashindwi kuelewa jambo hili. Ngoro za milimani hazikuanza kuchimbwa kwa kusoma kitabu. Mtoto alimwona mzazi akichimba, naye akashika jembe. Atakaye kuchimba kwa akili yake mwenyewe, mvua ya kwanza humwonyesha kosa lake. Mapokeo ya Kanisa nayo hupokewa hivyo, tena yana ulinzi wa Roho Mtakatifu.

Yatupasa pia kusema kweli iliyo chungu. Huko Peramiho padre mmoja alichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, na jambo hilo liliacha kinyongo kikubwa. Tena serikali ya Wajerumani iliwatesa watu kwa kodi na kwa kazi za nguvu, na wengi hawakuona tofauti kati ya padre na bwana wa serikali. Kwa hiyo vita vya Maji Maji vilipowaka mwezi wa Julai 1905, hasira iliwafikia wote. Basi tukitetea mamlaka ya Kanisa, tusiseme kwamba kila kitendo cha kila padre kilikuwa chema. Mamlaka ya kufundisha imani si ruhusa ya kudharau watu, wala si jeshi la serikali yo yote.

Mwezi wa Agosti 1905 Askofu Cassian alitoka Kilwa, akishika njia ya kwenda Peramiho. Pamoja naye walikuwako mabruda wawili, Gabriel na Andreas, na masista wawili, Felicitas na Cordula. Tarehe 14 Agosti, kesho yake ikiwa Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, waliuawa wote watano mahali paitwapo Mikukuyumbu, katika nchi ya Liwale. Mwezi uliofuata Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho aliuawa pia, na Peramiho na Kigonsera zikachomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 serikali iliwanyonga huko Songea Nkosi Mputa na wakubwa wengi wa Wangoni, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kufa. Msiba ulikuwa wa pande zote mbili.

Kama uaskofu ungalikuwa mali ya Cassian, ungalizikwa pamoja naye. Lakini mwaka 1906 Thomas Spreiter aliwekwa mahali pake, na misioni zikajengwa upya. Vita vya 1914 hata 1918 vilipokwisha, wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa; mwaka 1922 akawekwa Gallus Steiger, Mswisi. Mwaka 1931 Peramiho ikawa Abasia yenye watu na nchi yake. Mwaka 1969 ikawako Jimbo la Songea, na James Komba, mwana wa nchi hii, akawa Askofu wake. Mwaka 1986 likazaliwa Jimbo letu la Mbinga, na Emmanuel Mapunda akawa Askofu wa kwanza. Kutoka Tirol hata Mbinga watu walibadilika, na rangi na lugha pia. Kanuni ya Imani haikubadilika.

Walimu wenzangu, tusijibu maswali ya watu kwa matusi. Huko Liuli lipo kaburi la Arkidikoni William Percival Johnson wa Waanglikana, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kulitumikia Ziwa miaka mingi, nasi twamheshimu. Twaeleza tu kwamba Kristo alimkabidhi Petro kundi lake lote, na kwamba umoja na mwandamizi wa Petro ni amana tuliyopewa, wala hatuna ruhusa ya kuipunguza.

Nasi tusimamapo mbele ya watoto katika kigango cha majani, tumetumwa. Hayo tufundishayo si yetu. Basi tuyafundishe yote, kama tulivyoyapokea, na tumwombee Askofu Cassian na wote waliokufa mwaka ule, wa upande huu na wa upande ule, wapumzike kwa amani.