Wakili Aliyegeuka Jina la Barabara

Mtu akitoka River Road kwa miguu hukutana kwanza na barabara ya Tom Mboya. Akipanda matatu ya Kawangware, hupitia Hurlingham katika barabara ya Argwings Kodhek. Wawili hao waligombea kiti kimoja cha Nairobi mwaka 1957. Mshindi alisimamishiwa sanamu jijini mwaka 2011. Aliyeshindwa, nimepata kuwauliza wanafunzi wangu habari zake, na wengi walidhani alikuwa Mzungu. (Hiyo dh ya Kodhek ni ya Kijaluo. Utingo huikata, nasi tumemfuata.)

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa Gem, Nyanza, mwaka 1923. Alivuka mpaka kwenda Uganda kusoma Makerere, akafundisha shule, kisha akasafiri hadi Uingereza alikosomea sheria. Alirejea mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mkenya Mwafrika wa kwanza kuwa wakili, akiwa na mke mzaliwa wa Ireland. Mji wa Nairobi ulikuwa umegawanywa kwa rangi: mtaa wa Wazungu haukumtaka mume, mtaa wa Waafrika haukumruhusu mke.

Serikali ilimpa nafasi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Lakini kwa kanuni ya siku hizo, Mwafrika alilipwa shilingi tatu pale Mzungu alipolipwa tano kwa kazi ileile. Aliikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe. Naona watu huisimulia hatua hiyo kana kwamba ilikuwa hasira tu ya mshahara. La hasha! Angeukubali mshahara ule, angeketi upande wa mashtaka katika miaka ambayo Waafrika walimhitaji mno upande wa pili.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kukutwa na risasi tu kulitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi, na kabla ya vita vya Mau Mau kwisha watu zaidi ya 1,000 walinyongwa. Mawakili waliothubutu kuwatetea washtakiwa walikuwa wachache, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Argwings-Kodhek alijitosa humo akiwa bado mchanga katika kazi. Aliyeshindwa mbele ya jaji alibakiwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyozihudumia pia Uganda na Tanganyika. Watawala walimchukia wakamtia jina la wakili wa Mau Mau, nao wenyeji wakalipokea jina hilo kama sifa.

Vyama vya Waafrika viliporuhusiwa tena mwaka 1955, kwa sharti kwamba visivuke mipaka ya wilaya, yeye alitaka chama cha Kenya nzima. Alikataliwa. Akalazimika kukisajili kama chama cha wilaya ya Nairobi, na mwaka 1957 Mboya akamshinda kwenye kura. Nadhani kushindwa huko ndiko kulikoifunika kazi yake ya mahakamani, maana historia yetu ya shuleni huandikwa kwa kufuata uchaguzi.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Gem, na mwaka 1968 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Usiku wa Januari 29, 1969, gari lake lilipata ajali katika barabara ya Hurlingham, akafariki. Minong'ono kuhusu kifo hicho haijaisha. Julai 5 mwaka huohuo Mboya naye alipigwa risasi katikati ya jiji. Barabara ya Hurlingham ndiyo hiyo ambayo leo yaitwa Argwings Kodhek.