Padre Friedrich Spee, mtetezi wa walioitwa wachawi



Leo tumfahamu Padre Friedrich Spee, Mjesuiti wa Ujerumani. Alizaliwa mwaka 1591 huko Kaiserswerth, akajiunga na Shirika la Yesu mwaka 1610, akapewa upadre mwaka 1622. Wengi wanamkumbuka kwa nyimbo zake za kidini. Lakini kuna kazi nyingine aliyoifanya, tena ya hatari.

Enzi zile hofu ya uchawi ilitanda Ujerumani. Mvua ya mawe ikiharibu mazao au ng'ombe akifa, watu wanatafuta mchawi. Mara nyingi anayekamatwa ni mwanamke. Anateswa mpaka akiri, kisha analazimishwa kutaja wenzake, nao wanakamatwa. Yaani moto hauzimiki.

Padre Spee aliwaungamisha waliohukumiwa na kuwasindikiza mpaka kwenye kifo. Aliwasikiliza, akachunguza, na hakuona hata mmoja mwenye hatia. Inasimuliwa kwamba uchungu huo ulimtia mvi kabla ya wakati.

Mwaka 1631 kikatoka kitabu chake cha Kilatini, Cautio Criminalis, bila jina la mwandishi. Hakusema uchawi haupo. Alisema mtu akiteswa vya kutosha atakiri lolote, hata hakimu mwenyewe. Halafu tazama mtego: mshtakiwa akiogopa, ana hatia, asipoogopa, shetani ndiye anamtia ujasiri. Sasa atapona vipi?

Kitabu kiliwaudhi wengi, hata ndani ya shirika lake. Lakini Johann Philipp von Schönborn, aliyemfahamu, alipokuwa Askofu Mkuu wa Mainz alizuia kesi hizo katika maeneo yake. Padre Spee mwenyewe alifariki Trier tarehe 7 Agosti 1635, akiwa na miaka 44, baada ya kuambukizwa tauni akiwahudumia askari wagonjwa.

Jamani, huku kwetu Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kwa hiyo ukisikia kijiweni kwamba bibi fulani ni mchawi, uliza: nani aliona? Ushahidi uko wapi? Kuuliza hivyo si kukosa imani. Akili ni zawadi ya Mungu, na amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo.

Wiki hii mtembelee bibi mmoja anayeogopwa mtaani kwenu. Msalimie, kaa naye, msikilize.