Willem Einthoven: Mtu Aliyetufundisha Kusoma Umeme wa Moyo

Je, unaendesha baiskeli au unakimbia ukiwa umevaa mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo? Siku hizi mikanda hiyo inapatikana hata kwa bei nafuu. Kabla hujaitegemea namba unayoiona, mfahamu kwanza mtu aliyetuonyesha jinsi ya kuusoma umeme wa moyo. Maisha yake yatakusaidia kukitumia kifaa chako vizuri.

Mtoto wa daktari, kijana wa michezo

Willem Einthoven alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Semarang, kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia na wakati ule kilitawaliwa na Uholanzi. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki Willem akiwa bado mdogo. Mwaka 1870 mama yake aliwachukua watoto wake sita wakahamia Utrecht, Uholanzi.

Huko Willem alisomea udaktari. Alipenda sana mazoezi ya viungo, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa klabu ya wanafunzi ya kupiga makasia. Siku moja michezoni alivunjika kifundo cha mkono. Badala ya kukaa bure akisubiri kupona, alianza kuchunguza jinsi mkono unavyojigeuza, na uchunguzi huo ukawa kazi yake ya kwanza ya kisayansi. Mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 25, alianza kazi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Uzi, sumaku na ndoo za maji ya chumvi

Kila moyo unapopiga, umeme mdogo sana hupita kwenye misuli yake. Mwaka 1887, huko London, Augustus Waller alionyesha kwamba umeme huo unaweza kupimwa bila kumpasua mtu. Lakini vifaa vya wakati huo vilikuwa vizito kuitikia, na michoro yake haikuwa sahihi.

Einthoven alitengeneza kifaa kingine. Alichukua uzi mwembamba mno wa kwatzi, akaupaka madini ya fedha, akaunyoosha katikati ya sumaku zenye nguvu. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alikaa akiwa ametumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri.

Mashine haikuweza kupelekwa hospitalini. Kwa hiyo mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuleta umeme wa mioyo ya wagonjwa hadi maabara yake, umbali wa kilomita 1.5. Mawimbi ya mchoro huo aliyapa herufi P, Q, R, S na T, zinazotumika hospitalini hadi leo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, akafariki mwaka 1927.

Wewe unajifunza nini?

Mkanda wako nao unasoma umeme huohuo, na kwa kawaida huhesabu wimbi la R, lile refu. Zingatia haya:

• Lowesha sehemu za mkanda zinazogusa ngozi kabla ya kuanza. Mkanda mkavu hutoa namba za ajabu hadi utakapotoka jasho, ambalo nalo ni maji ya chumvi. Ukimaliza, usuuze.

• Saa nyingi za mkononi hazisomi umeme. Hutumia mwanga kufuatilia damu. Ukishika usukani wa baiskeli kwa nguvu kwenye barabara ya mashimo, zinaweza kukosea.

• Hakiki namba. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4.

• Kukadiria kiwango chako cha juu, toa umri wako kwenye 220. Mwenye miaka 40 anapata 180. Mazoezi ya wastani ni asilimia 50 hadi 70 ya hapo, yaani mapigo 90 hadi 126 kwa dakika. Haya ni makadirio tu. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani.

• Kama unatumia dawa za presha kama atenolol, mapigo yako hayatapanda kama ya wengine. Usijilazimishe kuifikia namba. Muulize mhudumu wako wa afya.

Jambo la mwisho ndilo kubwa zaidi. Mashine ya Einthoven ilionyesha umbo la kila wimbi, na kwa umbo hilo daktari aliweza kuona ugonjwa. Mkanda wako wa bei nafuu unahesabu tu. Moyo unaokosa damu ya kutosha unaweza kuonyesha namba nzuri kabisa. Kwa hiyo ukisikia maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, au pumzi kukatika kusiko kwa kawaida, shuka kwenye baiskeli, usiangalie namba. Omba msaada na uwahi hospitali, ukapimwe kwa kipimo alichotuachia Einthoven.