Daktari Frantz Fanon, Mganga wa Waliovunjika Moyo

Wengi wetu jina la Frantz Fanon tulilisikia katika mambo ya siasa. Nilipokuwa mwalimu wa chuo cha ualimu, vijana walilitaja sana katika midahalo yao, wala hakuna aliyeniambia kwamba kazi ya mtu yule ilikuwa kutibu wagonjwa wa akili.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa, miongoni mwa wazao wa watumwa waliotolewa Afrika. Katika Vita Kuu ya Pili alipigania Ufaransa akiwa kijana mdogo, akajeruhiwa mwaka 1944. Kisha alisomea udaktari huko Lyon, akamaliza mwaka 1951. Katika hospitali ya Saint-Alban alifanya kazi na Daktari François Tosquelles, mkimbizi kutoka Hispania, ambaye alimfundisha kwamba hospitali nzima, pamoja na watu wake na shughuli zake, yapasa iwe dawa.

Mwezi wa Novemba 1953 alipelekwa Blida, nchini Algeria. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko nafasi, tena Wazungu walitengwa na wenyeji. Yeye alipewa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Akaanzisha mikutano, sherehe, kazi za mikono na gazeti la wagonjwa. Wanawake wakapata nafuu. Wanaume hawakushughulika kabisa. Walikaa kimya tu.

Madaktari waliomtangulia huko Algiers wangalisema kwamba hiyo ndiyo akili ya Mwafrika. Mafundisho ya namna hiyo yalifika hata kwetu Afrika Mashariki: Daktari Carothers, aliyepata kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1954 juu ya Mau Mau kana kwamba ni ugonjwa wa akili tu, ardhi iliyonyang'anywa si kitu. Fanon alimpinga. Na huko Blida alikiri kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe, kwa kuwa aliwaletea watu sherehe zisizo zao, akasema nao kwa mkalimani. (Sisi walimu tunalijua kosa hili, ingawa si wepesi wa kulikiri.) Basi ukafunguliwa mkahawa wa desturi yao, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, akaitwa msimulizi wa hadithi. Wanaume wakaanza kuzungumza.

Alichunguza pia jinsi wenyeji walivyomfahamu mwenye wazimu. Waliamini kwamba amepagawa na jini, kwa hiyo hawakumhesabia maovu aliyoyatenda akiwa mgonjwa. Fanon hakuamini majini, lakini aliona kwamba mgonjwa wa namna hiyo akipona hurudi nyumbani pasipo aibu, jambo ambalo hospitali za Ulaya hazikuweza kumpa.

Vita vya uhuru vilianza tarehe 1 Novemba 1954, na mlangoni pake wakaja watu wa pande zote mbili. Polisi mmoja wa Kizungu, kijana wa miaka 28, hakuweza kulala kwa sababu usiku alisikia vilio vya watu aliowatesa. Alifunga madirisha hata wakati wa joto, akajiziba masikio kwa pamba. Fanon alimtibu nyumbani kwake. Siku moja alimkuta nje ameegemea mti, anatetemeka, jasho linamtiririka: hospitalini alikuwa amekutana uso kwa uso na mtu aliyemtesa. Na yule mtu naye alipotafutwa, alikutwa amejificha chooni akitaka kujiua, akidhani polisi amekuja kumchukua tena. Wahudumu walikaa naye muda mrefu wakimsadikisha kwamba ameona maruweruwe. Walimdanganya ili aishi. Mimi sijui kama ningewalaumu.

Mwisho wa mwaka 1956 Fanon alijiuzulu, akafukuzwa nchini Januari 1957. Huko Tunis alitumikia chama cha wapigania uhuru, huku akiendelea kutibu. Alianzisha hospitali ya mchana: mgonjwa huja asubuhi na jioni hurudi kwa jamaa zake. Aliandika pia juu ya wanawake waliozaa katika makambi ya wakimbizi mipakani, wakapatwa na wazimu baada ya uzazi. Alisema wazi kwamba hata waliopona hawakupona sawasawa, maana walirudishwa katika njaa na hofu zile zile.

Alifariki kwa saratani ya damu tarehe 6 Desemba 1961, huko Marekani, akiwa na miaka 36, akazikwa katika ardhi ya Algeria.

Kitabu chake cha mwisho kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Wanafunzi wangu waliipenda sura ya kwanza, inayosema kwamba mtu aliyeonewa hutakaswa kwa kutumia nguvu. Mimi Mkristo siwezi kuikubali, na nadhani daktari mwenyewe aliijibu katika sura ya mwisho, wanakoandikwa wagonjwa wake. Humo yumo mpigania uhuru wa nchi moja ya Afrika aliyetega bomu kwa amri ya wakubwa wake, wakafa watu kumi. Nchi yake ilipata uhuru, naye akafanya urafiki na watu wa taifa lililowatawala, akawaona ni wema. Kila mwaka tarehe ile ilipokaribia, usingizi ulimtoka, akatamani kufa.