Seyyida Salme: binti wa Mtoni aliyeandika barua za uasi

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipofariki dunia mwaka 1856, aliacha watoto 36 walio hai. Sita kati ya wanawe wa kiume walikalia kiti cha enzi kwa nyakati mbalimbali, ama Muscat ama Unguja. Hata hivyo, mtoto wake ambaye maisha yake yamesomwa na watu wengi zaidi katika nchi za kigeni ni binti ambaye hakutawala hata kitongoji kimoja. Alizaliwa akiitwa Salme, akafa akiitwa Emily Ruete, na kati ya majina hayo mawili pana vita vya ndugu, mapenzi yaliyokatazwa, kitabu kimoja, na ugomvi wa urithi ambao haukupata hakimu.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkezi, katika milima ya Kaukazi, ambako alitekwa angali mtoto mdogo baada ya wazazi wake kuuawa vitani. Mtoni palikuwa kama mji mdogo: masuria, watoto, watumishi na watumwa waliishi pamoja, na ndani ya kuta zake zilisikika lugha za Arabuni, Uajemi, Uturuki, Kaukazi, Uhabeshi na pwani ya Afrika. Juu ya wote alikaa Bibi Azza bint Sef, mke wa ndoa kutoka Oman, ambaye hakujaaliwa mtoto lakini neno lake lilikuwa amri.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, Salme na mama yake walihamia mjini, katika jumba la Beit il Watoro, kwa kaka yake Majid. Huko alilelewa kwa uhuru usiokuwa wa kawaida kwa binti wa ukoo wake. Alijifunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Jambo lililokuja kuyageuza maisha yake, hata hivyo, halikuwa bunduki bali kalamu. Desturi ya wakati ule iliwaruhusu wasichana kujifunza kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akaanza kunakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Habari zilipofichuka watu walinong'ona, lakini mwanafunzi alikuwa amekwisha kufuzu.

Seyyid Said alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, alipokuwa akirejea kutoka Muscat. Dola yake ilikuwa kubwa mno kuachwa bila ya wasia ulio wazi. Thuwaini alibaki na Oman, Majid akashika Zanzibar, na kila mmoja akamtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Barghash, mdogo wao, aliyekuwa pamoja na baba yake katika safari ile ya mwisho, alijaribu kukitwaa kiti cha Unguja mara tu merikebu ilipotia nanga, lakini hakufaulu. Salme mwenyewe, angali na umri wa miaka 12, alihesabiwa kuwa mtu mzima na akapewa sehemu yake ya urithi: shamba, nyumba na fedha. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kilimchukua mama yake.

Huo ndio mwaka, 1859, ambao fitina ilikomaa. Barghash alikusanya wafuasi dhidi ya Majid, wakiwemo watu wa kabila la Al-Harth, ambao uhasama wao na ukoo wa Albusaidi ulikuwa wa siku nyingi. Ndani ya nyumba za kifalme aliyekuwa mhimili wa njama alikuwa Khole, dada aliyependwa sana na Salme. Khole alimvuta mdogo wake. Haikuwa rahisi kwa msichana yule kukubali, kwani Majid ndiye aliyemlea na hakuwahi kumtendea ubaya. Lakini mapenzi kwa dada yalishinda. Na hapa ule ujuzi wa siri ulipata kazi yake: miongoni mwa wanawake wale waliohusika na njama, Salme ndiye aliyeweza kuandika. Akiwa na umri wa miaka 15 akawa katibu wa uasi, akiandika barua kwa masheikh na wenye nguvu ili waje na watu wao na silaha zao.

Serikali iligundua. Majid, badala ya kuivunjavunja nyumba ya ndugu yake kwa mizinga, aliizingira kwa askari akitumaini kwamba njaa na kiu vitamlainisha. Ndipo Salme na Khole walipofanya tendo ambalo hadithi za Unguja hazijalisahau. Usiku waliiendea nyumba ile wakiwa na msafara wa wanawake, wakajitambulisha kwa walinzi, jambo ambalo mabinti wa mfalme hawakulifanya mbele ya wanaume wa kawaida, na walinzi kwa heshima wakawaruhusu kuingia. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao amejifunika nguo za kike toka utosini hadi nyayoni. Alikuwa mtu wa kiburi, na inasemekana kumvisha buibui kulikuwa kazi ngumu kuliko kuwapita walinzi.

Barghash alikimbilia shamba la Marseille, ambako wafuasi wake walijifungia. Majid aliwaendea akiwa na jeshi na msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Jumba lilipigwa mizinga na waasi wakatawanyika. Barghash alirudi mjini kwa kificho, akazingirwa tena, safari hii na wanamaji wa Uingereza, na akajisalimisha kwa balozi wa Uingereza, Rigby. Alipelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 Waingereza hao hao walisuluhisha mgogoro wa Majid na Thuwaini kwa kuigawa dola: Zanzibar ikawa nchi peke yake, kwa sharti la kuilipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Vita vya ndugu vilikuwa vimewafungulia mlango wageni, na wageni hawakuonyesha haraka ya kuondoka.

Majid hakumwadhibu dada yake. Salme alijitenga mashambani, kwanza Kizimbani na kisha Bububu, akionwa na kila upande kuwa mtu asiyeaminika. Baada ya muda alipatana na Majid. Kwa macho ya watu wa nje lilikuwa jambo jema, lakini Khole na Barghash waliliona ni usaliti. Tangu hapo Barghash aliweka moyoni kinyongo kilichodumu mpaka kaburini.

Aliporudi kuishi mjini, jirani yake alikuwa kijana wa Kijerumani, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba za Mji Mkongwe zimekaribiana sana, na kutoka dari moja mtu aliweza kuona karamu ya nyumba ya pili. Urafiki ukageuka mapenzi, na mwaka 1866 Salme akawa mjamzito. Kwa binti wa mfalme, Mwislamu, asiye na mume, tena kwa mwanamume wa Kikristo, hatari ilikuwa ya kifo. Jaribio la kwanza la kumtorosha kwa meli ya Kijerumani lilishindwa. Tarehe 24 Agosti, katika pirikapirika za sikukuu ya Mwaka wa Kiswahili, wakati wanawake wengi walipokuwa ufukweni wakioga kama desturi ilivyotaka, aliingia katika mashua ya manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer na kupelekwa Aden. Alikuwa karibu kutimiza miaka 22.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867, baada ya Ruete kumfuata, alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Mtoto yule hakufika Ujerumani, alifariki njiani. Hamburg ilimpokea bibi harusi kwa baridi, kwa udadisi wa majirani na kwa lugha asiyoifahamu. Walizaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja. Agosti 1870 mumewe aligongwa na tramu na kufariki baada ya siku chache. Mtoto wa mwisho alikuwa hajatimiza miezi minne, na mama mjane alikuwa na umri wa miaka 25.

Miezi michache baadaye Majid naye alifariki, na kiti cha Zanzibar kikaenda kwa Barghash, yule yule aliyeokolewa ndani ya buibui. Angeweza mtu kudhani kwamba deni la usiku ule lingekumbukwa. Halikukumbukwa. Kwa Barghash, dada aliyetoroka na kubadili dini alikuwa amekufa, na kwa sheria ya mirathi aliyetoka katika Uislamu hakuwa na haki ya kumrithi Mwislamu. Salme alihama mji hadi mji, akafundisha Kiarabu ili watoto wapate kula. Mwaka 1875 Barghash alipoizuru London, alikwenda huko akiwa na tumaini la kuonana naye, lakini Sir Bartle Frere alimshawishi aache, kwa ahadi ya msaada wa masomo ya watoto wake. Ahadi haikutimizwa.

Mwaka 1885 ulileta nafasi nyingine, nayo ilikuwa chungu kupita zote. Carl Peters alikuwa amekusanya mikataba kwa machifu wa bara, Kaiza akatoa hati ya ulinzi, na Barghash akapinga. Bismarck aliona kwamba dada wa Sultani, mwenye uraia wa Ujerumani na mwenye mwana wa kiume, alikuwa karata isiyofaa kuachwa mezani. Manowari za Kijerumani zilipoelekeza mizinga yake kwenye kasri la Unguja mwezi Agosti, Salme alikuwa amefika na watoto wake katika meli ya Adler. Watu wa mjini walimpokea kwa furaha. Walimfuata vichochoroni na kumsalimia kwa lugha aliyoikosa kwa miaka 19. Kaka yake hakumpokea. Barghash aliyakubali matakwa ya Ujerumani kuhusu nchi za bara, na mara alipoyakubali, madai ya urithi ya mjane wa Hamburg yakakosa thamani kwa waliomleta.

Ni haki kusema kwamba hakuwa mtoto wa kudanganywa. Alijua amepanda chombo cha nani, naye aliamini kwamba bendera ya Ujerumani ingemrudishia alichonyimwa na Uingereza. Kwa Wazanzibari wa baadaye hilo limebaki kuwa doa: alirejea nyumbani nyuma ya mizinga.

Mwaka uliofuata kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa Berlin kwa Kijerumani, na haukupita muda kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kinahesabiwa kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Kwa msomaji wa leo, thamani yake ni katika mambo madogo: jinsi chakula kilivyoandaliwa Mtoni, mavazi ya Idi, malezi ya watoto, safari za shambani, na namna wanawake waliofungiwa ndani walivyoziendesha siasa bila kuonekana. Aliwaandikia Wazungu waliodhani kwamba nyumba za Mashariki ni mahali pa uvivu na anasa, akawasahihisha kwa ukali.

Lakini kitabu hicho hicho kinautetea utumwa. Salme aliurithi utajiri wa mikarafuu iliyopandwa na kuchumwa na watumwa, na aliandika juu ya Waafrika weusi kwa dharau. Barghash, ambaye katika kitabu kile ni ndugu mkatili, ndiye aliyelifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, ingawa kwa shinikizo la Waingereza. Anayeisoma simulizi ya Salme kama kilio cha mtu aliyedhulumiwa hana budi kuzisoma na kurasa hizo.

Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, kwa kaka mwingine, Khalifa. Hakupata kitu, akaondoka Zanzibar asirudi tena. Hakutaka pia kurudi moja kwa moja Ulaya. Aliishi Jaffa, kisha kwa miaka mingi Beirut, mahali ambapo alisikia adhana na Kiarabu kila siku. Mwaka 1896 zilimfikia habari za mpwa wake, Khalid bin Barghash, aliyekitwaa kiti bila idhini ya Waingereza na kupigwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Makasri ya utoto wa Salme yaliharibiwa vibaya. Mwaka 1914 alirejea Ujerumani kwa watoto wake. Ni katika miaka ya mwanzo ya 1920 tu, mikononi mwa Sultani Khalifa bin Harub, ndipo Zanzibar ilipomkubalia pensheni ndogo.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924 na kuzikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Alizikwa pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar, ambao alikuwa ameuhifadhi miaka yote. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alichapisha mwaka 1929 kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said. Ukoo ambao Barghash aliukana ukawa ndio ulioandika historia ya baba yake.

Makumbusho ya Kasri yalipofunguliwa Mji Mkongwe katika miaka ya 1990, chumba kimoja kilitengwa kwa ajili yake. Hamburg nayo, mwaka 2019, iliupa uwanja mdogo katika mtaa wa Uhlenhorst jina la Emily Ruete. Baadhi ya wakaazi walikifungua kitabu chake, wakazisoma zile kurasa za utumwa na kuzipeleka mbele ya halmashauri. Jina likaondolewa.