Maria Sibylla Merian, mwanamuke aliyefwata wadudu mupaka Suriname

Katika pori za Amerika ya Kusini kuko mududu moja wa ajabu. Kichwa chake kimevimba mbele sawa ganda la kalanga, na ndani ya kile kichwa kuko paka nafasi tupu. Mabawa yake ya nyuma iko na alama mbili kubwa kama macho ya bundi. Hana hatari: anakaa kwenye muti, anafyonza maji ya muti, basi. Wenyi elimu wanamuita Fulgora laternaria. Katika lile jina la kilatini muko neno la radi na neno la taa. Lakini ule mududu hatoi mwangaza hata kidogo. Sasa taa ilitoka wapi? Ilitoka katika kitabu cha mwanamuke moja aliyekufa kuko zaidi ya miaka 300. Aliitwa Maria Sibylla Merian, na inafaa tujue maisha yake, zaidi sisi watu wa kazi.

Alizaliwa tarehe 2 aprili 1647 kule Frankfurt, Ujerumani. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa fundi wa kuchora picha juu ya bamba la shaba na kuchapa vitabu. Ndiyo, shaba ileile tunayoijua: walikwaruza picha juu ya bamba kwa chuma, wakapaka wino, wakakandamiza karatasi. Baba alikufa wakati mutoto alikuwa na miaka 3. Mama akaolewa na Jacob Marrel, fundi wa kupaka picha za maua, na ni huyu baba wa pili aliyemufundisha Maria kazi ya mikono.

Alipokuwa na miaka 13 akaanza kufuga viwavi vya hariri, kisha viwavi vingine. Hapa kwetu viwavi ni mboga, mutu hashangai. Lakini kule Ulaya wakati ule watu mingi waliamini kwamba wadudu wanazaliwa na matope ao na nyama iliyooza, tena waliwazarau sawa vitu vya shetani. Musichana yule alikaa siku kwa siku akiangalia: yai, kiwavi, kifuko, kipepeo. Aliandika kila kitu, na alichora kila mududu pamoja na majani anayokula. Hakuenda universite, juu mwanamuke hakuwa na njia ya kuingia. Shule yake ilikuwa macho na subira.

Mwaka wa 1665 aliolewa na Johann Andreas Graff, naye fundi wa picha. Wakazaa wabinti wawili, Johanna Helena na Dorothea Maria. Maria alifundisha wasichana kupaka rangi na kushona maua, aliuza rangi, na katika mwaka wa 1679 akatosha kitabu chake cha kwanza juu ya viwavi. Cha pili kilifwata mwaka wa 1683. Ndoa haikudumu. Mwaka wa 1685 aliachana na bwana, akachukua mama yake na watoto, akaenda kuishi na wakristo wa kundi la Labadie kule Friesland, katika Uholanzi. Pale hakuna aliyekuwa na mali yake mwenyewe. Mwaka wa 1691 akahamia Amsterdam na wabinti wake, akaishi kwa kazi ya mikono yake.

Amsterdam ilikuwa muji wa meli. Matajiri walikuwa na makabati yenye kujaa wadudu wakavu kutoka ngambo ya bahari. Maria aliwaangalia, hakushiba. Mududu mukavu kwenye sindano hasemi alikula nini wala alizaliwa namna gani. Basi akauza picha zake mingi apate feza ya safari, na katika mwaka wa 1699, akiwa na miaka 52, akapanda meli pamoja na Dorothea Maria. Hakukuwa bwana wa kuwasindikiza, hakukuwa mufalme wa kuwalipia. Wakashuka Suriname, koloni ya Waholanzi.

Suriname ilikuwa inchi ya miwa, na miwa ilikuwa kazi ya watumwa. Meli za Waholanzi ziliwaleta kutoka Guinea na Angola, tena kutoka pwani ya Loango, ni kusema mulango wa inchi zetu wenyewe. Wakoloni walimucheka Maria sababu alitafuta kitu kingine kuliko sukari. Yeye aliingia pori. Lakini tuseme kweli yote: njia ya kuingia pori haikukatwa na yeye. Ilikatwa na watumwa. Wadudu na majani vililetwa na watumwa na wenyeji wa inchi ile, na ni wao waliomuelezea dawa na chakula.

Maria aliandika vile. Ni jambo la kumusifu, juu wengi wa wakati wake walinyamaza. Aliandika tena jambo zito sana. Kuko maua moja mazuri, mekundu na manjano, yanayoitwa maua ya tausi. Wanawake watumwa walimuambia kwamba wanatumia mbegu zake kutosha mimba, ili watoto wao wasizaliwe katika utumwa. Aliandika pia kwamba wengine walijiua sababu ya mateso, wakiamini watazaliwa upya huru katika inchi yao. Picha ya maua na maneno ya wale wamama viko pamoja ndani ya kitabu cha wadudu. Lakini jina la hata moja kati yao hakuliandika.

Sasa tufike kwenye taa. Wenyeji walimuletea wale wadudu wa kichwa kikubwa, akawafungia ndani ya sanduku. Usiku wakafanya kelele. Wakaamka, wakafungua sanduku, na Maria aliandika kwamba waliona sawa moto unatoka ndani, na kwamba mwangaza wa mududu moja ungetosha kusoma gazeti. Tena alikubali habari kwamba nyenze, mududu anayeimba juu ya miti, anageuka na kuwa huyu wa taa. Alichora hata moja mwenye mwili wa nyenze na kichwa cha mwingine.

Ugonjwa ulimurudisha Amsterdam mwaka wa 1701, pamoja na mwanamuke moja mwenyeji wa kule, naye hatumujui jina. Mwaka wa 1705 kitabu kikatoka, chenye picha kubwa 60, kwa kilatini na kiholanzi. Maria alikufa tarehe 13 januari 1717. Mufalme Peter wa Urusi alinunua picha zake mingi, na Dorothea Maria akaenda kufanya kazi kule Saint Petersburg.

Katika mwaka wa 1758 Carl Linnaeus, Muswedi aliyepanga viumbe vyote kwa majina ya kilatini, alimuweka ule mududu katika kundi la nyenze, akamuita Cicada laternaria. Kwa wadudu na mimea mingi ya kule, picha za Maria zilikuwa ushahidi wake. Mwaka wa 1767 akamutosha kati ya nyenze na kumupa kundi lake mwenyewe, Fulgora. Alikuwa na haki: wote wawili wanafyonza maji ya miti, lakini antena za nyenze ziko katikati ya macho, na za huyu mwingine ziko chini ya macho. Leo iko katika jamaa ya Fulgoridae. Tena sheria ya wenyi elimu inasema jina la kwanza linabaki, hata kama maana yake si kweli. Ndiyo sababu taa haijazimika.

Nyuma ya kufa kwake, wanaume wengi walichukua ile taa kama sababu ya kuzarau kazi yake yote. Walicheka zaidi picha ya buibui mukubwa anayekula ndege mudogo. Lakini katika mwaka wa 1863 Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa Amazonia miaka 11, aliandika kwamba aliona kwa macho yake buibui kama yule na ndege aliowaua. Juu ya buibui Maria alisema kweli. Juu ya taa, hapana. Ni vile kazi ya mutu inapimwa: kitu kwa kitu, hapana kutupa yote sababu ya moja.

Kabla ya euro, Wajerumani waliweka sura yake kwenye noti ya mark 500. Ni haki yake. Lakini sisi wa sindika tunajua habari ya rapore: muchimbaji ndiye alijua jiwe liko wapi, na karatasini munabaki paka jina la enjenia. Kule Suriname ilikuwa vile. Mududu alipewa majina mawili ya kilatini, na watu waliomuleta ndani ya sanduku hawakuandikwa. Wadelege wanaoandika kaye za kazi leo wakumbuke: jina la mutu aliyefanya kazi liandikwe siku ileile, juu nyuma ya miaka 300 hakuna wa kuuliza.